Nyimbo ndefu chini ya nyota: kusikiliza roki progresifu katika usiku wa mashariki

Katika majimbo yetu ya mashariki giza ni kitu tunachokijua vizuri. Vijiji vingi vya Ituri, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Maniema na Tanganyika havina umeme, na hata mijini umeme unakatika mara nyingi. Tena, kwetu usiku si saa ya kupumzika tu. Ni saa ya kufunga mulango mapema, kushusha sauti ya redio na kutega sikio mbwa akianza kulia.

Lakini giza hilo hilo linatupatia kitu ambacho watu wa London ao Bruxelles hawakipati tena nyumbani kwao: mbingu iliyojaa nyota. Katika muji mukubwa wenye taa nyingi, nyota zenye kuonekana ni chache sana, mutu anaweza kuzihesabu. Katika fasi yenye giza kabisa, macho matupu yanaona nyota kama 2 000 ao 3 000 kwa mara moja.

Huko Ulaya na Amerika kuko watu wenye kupenda aina moja ya muziki wa roki na wenye desturi hii: usiku wanatoka inje, wanalala chali, wanaweka wimbo wa dakika 20, na wanaangalia juu mpaka wimbo uishe. Wamoja wanasafiri mbali kwa gari juu ya kutafuta giza. Siye giza tuko nalo kwenye parsele. Kile tunachokosa ni utulivu. Ukurasa huu unaeleza muziki huo ni nini, kwa nini unapatana na nyota, nyota gani zinaonekana kwetu na katika mwezi gani, na namna ya kufanya hivyo bila kujiletea matatizo.

Roki progresifu ni muziki gani?

Muziki huu ulianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vikundi vyenye kujulikana zaidi ni Pink Floyd, King Crimson, Yes, Genesis, Jethro Tull na Emerson, Lake & Palmer. Mbele yao, wimbo wa roki wa kupigwa kwenye redio ulikuwa wa dakika kama 3, sababu diski ndogo, zile za 45, hazikuwa na nafasi kubwa. Diski kubwa ya 33 iliweza kubeba dakika 20 na zaidi kila upande. Vijana hao wakajiuliza: kwa nini tusijaze upande muzima na wimbo mumoja?

Wakafanya hivyo. Mwaka wa 1971 Pink Floyd walitoa "Echoes", wimbo wa dakika zaidi ya 23. Mwaka ule ule Emerson, Lake & Palmer walitoa "Tarkus", dakika 20. Mwaka wa 1972 Yes walitoa "Close to the Edge", dakika zaidi ya 18, na Genesis wakatoa "Supper's Ready", karibu dakika 23. Ndani ya nyimbo hizo kuna gitare na ngoma, lakini pia kinanda cha aina ya kanisani, filimbi na sinteza. Wimbo unaanza polepole, unabadilika, unapanda, unashuka, na kuna dakika mingi bila mutu kuimba.

Kwetu Congo jambo hilo si la ajabu. Wimbo "Mario" wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka wa 1985, unapita dakika 10. Rumba yetu inajua kuanza na maneno, kutulia, kisha kufungua sebene. Mutu aliyekomaa na sebene hawezi kuogopa wimbo wa dakika 20. Tofauti ni moja: sebene inakusimamisha ucheze, roki progresifu mara nyingi inakukalisha. Na kwa kuangalia nyota, kukaa njo kunahitajika.

Jicho linahitaji muda

Hapa njo kiini cha jambo lote. Ukitoka ndani ya nyumba yenye taa na kuangalia juu, unaona nyota chache, unasema "leo haziko nyingi", unarudi ndani. Kumbe nyota ziko. Ni jicho lako ambalo halijawa tayari.

Ndani ya jicho kuna sehemu mbili zenye kupokea mwanga. Ya kwanza inafanya kazi muchana na inaona rangi. Inazoea giza kwa dakika kama 10, kisha haiendelei tena. Ya pili inafanya kazi usiku, haioni rangi, lakini inaweza kushika mwanga hafifu sana. Hiyo inaamka polepole: inaomba dakika 20 mpaka 30, wakati mwingine zaidi. Na mwanga mweupe wa telefone ao wa torshi, hata wa sekunde chache, unaweza kuirudisha nyuma kabisa. Unaanza upya.

Sasa linganisha: upande mumoja wa diski kubwa ni dakika kama 20, na jicho linaomba dakika kama 20. Wanamuziki hawakupanga hivyo, lakini matokeo ni mazuri. Mutu mwenye kungoja dakika 20 bila kufanya kitu anachoka, anachukua telefone, anaharibu macho yake. Mutu mwenye kusikiliza wimbo murefu ameshikwa na wimbo. Wimbo unapofika mwisho, mbingu imekwisha kubadilika mbele yake, bila yeye kuona ilibadilika saa gani.

Kuna jambo lingine la kujua. Sehemu ya jicho yenye kuona usiku haiko katikati, iko pembeni. Kwa hiyo nyota ya mwanga hafifu, usiikazie macho. Angalia kidogo pembeni yake, nayo itatokea.

Mwanga uko na saa yake

Mwanga unakimbia kilometa kama 300 000 kwa sekunde moja, lakini hata hivyo safari inachukua muda. Mwanga wa Mwezi unatumia sekunde moja na kidogo kutufikia. Mwanga wa Jua unatumia dakika 8 na kidogo, karibu sawa na wimbo "Starship Trooper" wa Yes, wenye kupita kidogo dakika 9.

Sayari ya Mushtarii, ile wengi wetu tunaita Jupiter, iko mbali zaidi. Kutoka kwenye Jua mpaka kwake, mwanga unatembea kwa dakika kama 43. Albumu nzima ya Pink Floyd, "The Dark Side of the Moon", nayo ni ya dakika kama 43. Ukibonyeza telefone ili albumu ianze, na wakati ule ule mwanga utoke kwenye Jua, mwanga ule utagusa Jupiter wakati albumu inaisha. Kisha mwanga utahitaji tena kati ya dakika 33 na 54 ili utoke Jupiter na kufika kwetu, sababu sayari zinatembea, umbali unabadilika.

Kwa nyota zenyewe, tunaacha dakika, tunahesabu miaka. Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu kati ya nyota zenye kuonekana kwa macho, iko umbali wa miaka ya mwanga kidogo zaidi ya 4. Sirius, nyota yenye kuangaza kuliko zote usiku, ni miaka zaidi ya 8 na nusu: mutoto aliyezaliwa siku mwanga ule ulitoka, leo anasoma mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Canopus ni miaka kama 310. Wakati mwanga wake ulitoka, mipaka ya Congo ilikuwa haijachorwa. Na ile doa nyeupe ya Andromeda, ambayo ni kundi kubwa la nyota zaidi ya kundi letu, mwanga wake umesafiri miaka milioni 2 na nusu. Kwa hiyo mwenye kuangalia juu haoni mbingu ya leo. Anaona siku nyingi za zamani, zimefika pamoja usiku mumoja.

Wanamuziki na mbingu: kipi ni kweli?

Wimbo wa kwanza wa albumu ya kwanza ya Pink Floyd, mwaka wa 1967, unaitwa "Astronomy Domine". Ndani yake wanataja sayari na miezi yake, kama Oberon, Miranda na Titania, miezi ya sayari ya Uranus. Mwezi wa 7 wa mwaka wa 1969, wakati Wamarekani Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanashuka juu ya Mwezi, Pink Floyd walikuwa katika studio ya televisheni ya BBC, London. Walipiga muziki moja kwa moja, bila kuuandika mbele, watu wakiwa wanafuata habari hiyo.

Albumu "The Dark Side of the Moon" ilitoka mwezi wa 3, 1973. Wengi wanafikiri inaongelea mbingu. Hapana. Inaongelea maisha ya mutu: wakati wenye kupita, pesa, woga, kifo, na akili yenye kuharibika. Inaanza na mapigo ya moyo na inaisha na mapigo ya moyo. Tena, upande wa Mwezi usioonekana kwetu si upande wa giza. Mwezi unajizungusha kwa muda sawa na ule wa kuzunguka dunia, njo maana tunaona sura moja tu. Ule upande mwingine unapata jua sawa na huu: karibu wiki mbili za muchana, wiki mbili za usiku. Picha za kwanza za upande huo zilichukuliwa na chombo cha Urusi ya wakati ule, Luna 3, mwezi wa 10 wa mwaka wa 1959.

Kikundi Rush cha Canada kilitoa mwaka wa 1977 wimbo "Cygnus X-1", wenye kuongelea mutu anayesafiri kuelekea shimo jeusi. Cygnus X-1 ni kitu cha kweli. Kiligunduliwa mwaka wa 1964, kwa vyombo vilivyobebwa na roketi. Wimbo ulipotoka, wataalamu walikuwa bado wanabishana kama ni shimo jeusi kweli. Muingereza Stephen Hawking alikuwa ameweka dau kwamba siyo. Mwaka wa 1990 akakubali kuwa ameshindwa. Leo wanakadiria kuwa kiko umbali wa miaka ya mwanga kama 7 200, na uzito wake ni mara 21 wa Jua letu.

Wajerumani wa Tangerine Dream nao walitoa mwaka wa 1971 albumu yenye jina "Alpha Centauri". Wimbo wa jina hilo unajaza upande wa pili wa diski, dakika 22, na hauna haraka yoyote. Unafaa sana kwetu, sababu nyota yenyewe tunaiona. Watu wa Ulaya hawaioni, iko chini ya upeo wao.

Mwisho kuna Brian May, mupiga gitare wa Queen. Kikundi hicho si roki progresifu kabisa, lakini albumu zake za kwanza ziko karibu nayo. Muimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1946. Brian May alianza masomo ya astrofiziki London, akayaacha wakati muziki ulipata nguvu, akarudi miaka zaidi ya 30 kisha, na mwaka wa 2007 akapata udaktari. Somo lake lilikuwa vumbi lenye kuelea kati ya sayari. Vumbi hilo, likipigwa na jua, linatoa mwanga hafifu wenye umbo la piramidi. Unaonekana magharibi kama saa moja na zaidi kisha jua kuzama, ao mashariki mbele ya alfajiri. Karibu na ikweta, kama hapa kwetu, mwanga huo unasimama wima, kwa hiyo unaonekana vizuri kuliko Ulaya. Mutu mwenye kuishi kijijini pengine ameuona mara mingi na kufikiri ni alfajiri iliyokuja mapema.

Kalenda ya mbingu yetu

Bunia, Beni, Goma, Bukavu, Uvira, Kindu, Kalemie: zote ziko karibu na ikweta. Maana yake tunaona nyota za kaskazini na za kusini pia, jambo ambalo watu wengi wa dunia hawalipati. Jua likizama kama saa 12 jioni, giza kamili linaingia haraka. Saa 3 za usiku (21h00) ni saa nzuri.

Mwezi wa 12 mpaka wa 2. Katika Ituri hiki njo kipindi cha mvua kidogo. Orioni inasimama juu kabisa, na nyota zake tatu katika mustari mumoja. Karibu nayo kuna Sirius, na upande wa kusini Canopus. Upande wa pili kuna Kilimia, kifungu cha nyota ndogo chenye jina la kazi ya kulima. Wasomaji wa Biblia wanajua Kilimia na Orioni vinatajwa katika kitabu cha Ayubu. Weka "Close to the Edge", kisha jaribu kuhesabu nyota za Kilimia wakati wimbo unaisha. Wengi wanafika 6.

Mwezi wa 3 mpaka wa 5. Mvua ni mingi, lakini usiku uliofuata mvua kubwa hewa inakuwa safi kabisa. Angalia kusini: Musalaba wa Kusini unapanda, na kando yake nyota mbili kali zenye kuuonyesha kama kidole. Ile ya mbali zaidi na Musalaba njo Alpha Centauri. Inaendelea kuonekana vizuri mpaka mwezi wa 7. Hiyo njo saa ya Tangerine Dream.

Mwezi wa 6 mpaka wa 9. Kivu na Tanganyika ziko katika kiangazi, na hii njo mbingu nzuri kuliko zote. Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe, inapita juu ya kichwa. Nge iko pale, na mukia wake uliokunjika. Katikati ya kundi letu la nyota iko upande huo. Weka "Echoes". Adui wa kipindi hiki ni vumbi na moshi wa mashamba yenye kuchomwa. Upepo ukisafisha, toka. Mwezi wa 9, upande wa kaskazini, utaona Cygnus, wenye umbo la ndege wa shingo ndefu mwenye kuruka. Cygnus X-1 haionekani kwa macho, lakini iko kwenye shingo ya ndege huyo.

Mwezi wa 10 na wa 11. Mvua inarudi. Pale mawingu yanafunguka, tafuta kaskazini doa ndogo ya Andromeda. Jicho lililozoea giza tu njo linaipata. Kilimia inaanza kupanda mashariki.

Usichague usiku wa Mwezi mupevu, sababu mwanga wake unafuta nyota. Siku tano ao sita kisha Mwezi mupevu, unachelewa kutoka, na mapema ya usiku inakuwa na giza tena. Wakaaji wa Goma waangalie pia upande wa volkano: usiku ule mawingu ya Nyiragongo yanawaka mekundu, geuza kiti, angalia kusini juu ya ziwa.

Wimbo wa Ituri uko kati ya nyota

Kuna muziki mumoja wa mashariki ya Congo ambao umefika mbali kuliko roki yoyote. Mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2. Kila kimoja kilibeba diski ya shaba iliyofunikwa na zahabu, na ndani yake salamu katika lugha 55 na vipande 27 vya muziki wa dunia. Roki progresifu ilikuwa katika nguvu yake miaka hiyo, lakini haimo. Roki iliyomo ni moja tu, "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry.

Lakini ndani ya diski hiyo kuna wimbo wa wasichana Wambuti wa pori la Ituri, wimbo wa sherehe ya kuingia utu uzima. Unachukua karibu dakika moja tu. Ulirekodiwa na Colin Turnbull, muandishi aliyeishi na Wambuti upande wa Epulu na kuandika kitabu juu yao mwaka wa 1961. Orodha ya diski inataja inchi, Zaire, na jina la Turnbull aliyerekodi. Majina ya wasichana hao haiyataji.

Mwezi wa 8 wa mwaka wa 2012, Voyager 1 ilitoka katika eneo lenye kutawaliwa na upepo wa Jua. Leo iko zaidi ya kilometa bilioni 20 kutoka hapa na inaendelea. Njia yake inaelekea upande wa kundi la nyota Ophiuchus, mutu mwenye kushika nyoka, ambalo liko kaskazini mwa Nge, karibu nayo. Kwa hiyo mwezi wa 7, saa 3 za usiku, mwenye kuwa Mambasa ao Epulu akiangalia juu ya kichwa, anaangalia fasi ambako sauti za dada na mama wakubwa wa pale zinakwenda.

Usalama kwanza

Tunajua wasomaji wetu wanaishi wapi. Kwa hiyo mashauri haya si ya mapambo.

Baki ndani ya parsele yako, si barabarani, si juu ya kilima. Waambie watu wa nyumbani na jirani kile unachofanya. Kama kuna amri ya kutotembea usiku, iheshimu. Usielekeze torshi wala taa ya lazeri juu: lazeri ni hatari kwa ndege, na mwanga wenye kucheza usiku unaleta mashaka. Kama hali ya usiku si nzuri, acha. Nyota zitarudi kesho, na mwaka kesho zitakuwa fasi ile ile.

Ukitumia ekutere, weka moja tu, acha sikio lingine wazi. Afadhali zaidi, weka telefone ndani ya bakuli tupu: sauti inakuwa kubwa kidogo, watu watatu ao wanne wanasikia, na jirani hasumbuki. Kama kuko kilio karibu, muziki usubiri.

Jambo moja hatuwezi kulificha. Watu wengi wa hapa wamepita katika usiku mubaya, na muziki huu uko na sauti za kushtusha. Ndani ya "The Dark Side of the Moon", wimbo "On the Run" unaisha na kishindo kama cha kulipuka, na mara moja "Time" inaanza na saa nyingi zenye kulia pamoja. Albumu "The Wall" ya Pink Floyd, ya mwaka wa 1979, ina sauti za ndege na helikopta. Muandishi wa maneno yake, Roger Waters, alijua aliongelea nini: baba yake aliuawa katika vita Anzio, Italia, mwaka wa 1944, yeye akiwa mutoto wa miezi mitano. Muziki ule umewasaidia watu wengi, lakini usiku, inje, kwa mutu mwenye kubeba kumbukumbu nzito, unaweza kuumiza. Sikiliza albumu kwanza muchana. Kama kuko mutoto ao mutu mwenye kushtuka haraka, ziache hizo mbili, chagua nyimbo za utulivu. Hata "Echoes" iko na sehemu ya katikati yenye sauti kama upepo na ndege wakali. Mwambie mwenzako mbele haijafika.

Usiku wa kwanza, hatua kwa hatua

Muchana, jaza telefone umeme na weka wimbo ndani yake kabisa, ili usitumie mega usiku. Wimbo mumoja unatosha.

Jioni, vaa nguo za mikono mirefu na soksi, sababu mbu wa malaria wanauma usiku. Usilale juu ya majani. Weka mukeka ao kiti fasi iliyofagiliwa, mbali na magogo na mawe ambako nyoka wanapenda kujificha. Zima taa yenye kutoka ndani, ao funga pazia.

Geuza telefone kioo kikiangalia chini, bonyeza, uiache. Dakika tano za kwanza usitafute kitu, angalia tu. Dakika ya 10, chagua nyota moja kali karibu na ukuta ao muti, na uangalie imesogea namna gani mpaka mwisho wa wimbo. Itakuwa imekwenda magharibi, karibu digri 2 ao 3. Ni dunia yenye kuzunguka, na wewe juu yake.

Wimbo ukiisha, usisimame mara moja. Baki dakika mbili bila muziki. Utasikia chura, jirani mwenye kukohoa, maji ya muto kama uko karibu. Kama mutoto anauliza ile ni nyota gani, mwambie jina lake, na mwambie pia mwanga wake ulianza safari mwaka gani. Kisha ingieni ndani pamoja, mufunge mulango.